Mshono Wako Ni Msafi, Lakini Ulijaza na Rodi Gani?

Wasee, wacha niseme hii kitu mara moja halafu mnichape vile mnataka. Zile video za mshono wa kuchomelea uliopangika kama sarafu zilizolazwa, rangi ya zambarau na dhahabu, amapiano nyuma, watu wakiandika "fundi noma", nyingi hazituambii kitu. Mshono mzuri unaonyesha kwamba mkono wa fundi umetulia. Hauonyeshi kama kiungo kitashika kikipashwa moto na kupozwa mara elfu moja. Na kama vyuma viwili vilivyounganishwa si vya aina moja, na mahali penyewe panaenda kuwaka moto, swali la mkono linakuja baadaye. Swali la kwanza ni: ulijaza na nini?

Kuna sentensi inaniudhi kuliko zote katika hii kazi. "Rodi ni rodi." Nimeisikia gereji, nimeisikia hardware, nimeisikia hata kwa warsha ya chuo nilikosomea cheti. Mtu mzima, miwani imeinuliwa kwa paji la uso, anakuambia rodi ni rodi. Hapana. Ukiniambia dawa ni dawa nitakutoroka, na hii pia nakutoroka.

Wacha niwape kisa. Rafiki yangu ana Subaru yenye tabo. Alinunua heda za stenlesi, yale mabomba yanayopokea moshi kutoka kwa injini, lakini flanji ya upande mmoja haikuingia vizuri, ikabidi ikatwe na kuwekwa nyingine iliyochongwa kutoka kwa chuma cha kawaida. Fundi akachomelea na rodi ya 6013, ile ile ya kuchomelea mageti na grili za dirisha. Ilitoka poa. Alipiga msasa, akapaka rangi ya fedha, picha ikapigwa. Wiki tatu baadaye ikapasuka pembeni ya mshono. Ikarudishwa, ikaongezwa rodi juu ya ile ya kwanza. Ikapasuka tena. Mara ya tatu hakuna aliyejua imepasuka, kwa sababu ufa ulikuwa kwa chini na redio ilikuwa juu. Tulikuwa watu wanne tukitoka Nakuru usiku, madirisha yamefungwa sababu ya baridi ya Kinungi. Tulipofika Limuru dada mmoja alikuwa anatapika na mimi kichwa kilikuwa kinagonga kama ngoma. Tulidhani ni nyama choma. Ilikuwa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inaingia kupitia matundu ya hewa ya gari huku sisi tunaimba.

Kwa hivyo mtu akiniambia mambo ya rodi ni ya wahandisi wazee, namuuliza kama amewahi kulala kwa gari lenye eksozi iliyopasuka.

Sasa tuingie kwa sufuria. Unapochomelea, ile rodi haibaki vile ilitoka kwa paketi. Inayeyuka pamoja na vyuma vyote viwili, na kwa rodi ya kawaida ya arki, karibu asilimia 20 hadi 35 ya mshono wako huwa imetoka kwa vyuma unavyounganisha. Ni kama chai. Ukimimina maziwa kwa sufuria iliyo na maji, hutapata maziwa ya paketi, utapata rangi inayotegemea maji yalikuwa mangapi. Stenlesi ya kawaida, ile ya 304, ina kromi asilimia 18 na nikeli 8. Chuma cha kawaida hakina chochote cha kutaja.

Chukua ile 6013. Haina kromi, haina nikeli. Ikinyonya asilimia 30 kutoka kwa stenlesi, mshono unabaki na kromi kama 5 na nikeli 2 na kitu. Hicho ndicho kiwango kibaya kabisa. Hakitoshi kuzuia kutu, lakini kinatosha kuufanya mshono ugeuke martensaiti unapopoa, yaani chuma kigumu, kikavu, kisichotaka kupinda. Kikivutwa kinapasuka. Fundi anaona ugumu huo akipitisha grenda na anafurahi, "hii imeshika." Imeshika kama kioo kinavyoshika.

Halafu kuna wale wajanja kidogo. Hao wanasema, basi tumia rodi ya stenlesi, na wananunua 308 kwa sababu ndiyo duka linayo. Hiyo 308 ina kromi kama 20 na nikeli 10, imetengenezwa kuunganisha 304 kwa 304. Sasa lalia upande wa chuma cha kawaida, asilimia 30 itoke huko: unashuka hadi kromi 14 na nikeli 7. Umerudi kwa martensaiti, tofauti ni kwamba safari hii umelipa zaidi. Ndiyo maana kuna 309, yenye kromi kama 24 na nikeli 13. Piga hesabu ile ile na simu yako: inashuka hadi karibu 17 na 9. Hapo umeangukia karibu na stenlesi yenyewe. 309 ni maziwa mazito yaliyotengenezwa kwa kujua kwamba utaongeza maji. Hakuna uchawi. Bwana anayeitwa Anton Schaeffler aliuchora mchoro wa haya mambo kitambo, toleo lake linalojulikana zaidi ni la 1949, na mpaka leo unaweza kuweka kidole juu yake ukaona mshono wako utakuwa nini kabla hujawasha mashine. 1949! Na sisi bado tunabahatisha.

Kwa eksozi ya rafiki yangu, 309 ingetosha kwa kiasi kikubwa. Bati ni jembamba, hakuna presha ya kuua mtu, na ikipasuka unairekebisha. Lakini hapa ndipo napoteza marafiki, kwa sababu kuna kundi la tatu, na ndilo lenye kiburi zaidi. Hawa wamesoma kidogo, wamejifunza neno "309", na sasa ni dawa ya kila kitu. Chuma hiki na kile? 309. Hujui ni chuma gani? 309. Boila? 309, tuma pesa.

Ngoja. Tuongee joto.

Chuma kikipashwa kinarefuka, hiyo mnajua. Lakini havirefuki sawa. Mita moja ya chuma cha kawaida ukiipasha nyuzi 500 inaongezeka karibu milimita 7. Stenlesi ya 304 inaongezeka karibu 9. Milimita mbili unaweza kusema ni kitu gani, lakini vyuma hivyo vimefungwa pamoja, hakuna anayeweza kwenda peke yake. Kila injini ikiwashwa vinavutana, ikizimwa vinasukumana. Ukijaza na 309, mshono wako unarefuka kama stenlesi, kwa hivyo ugomvi wote unahamia kwa mstari mmoja mwembamba: pale mshono unapokutana na chuma cha kawaida. Kila mzunguko, mahali pale pale.

Na kuna ubaya wa pili ambao haupigiwi kelele kwa video. Joto likikaa juu, kaboni inaanza kutembea ndani ya chuma kigumu. Inafuata kromi, vile vijana wanavyotoka kijijini kwenda Nairobi. Upande wa chuma cha kawaida, kando ya mshono, kijiji kinabaki tupu: utepe laini usio na kaboni, usio na nguvu. Upande wa pili, ndani ya mshono wenye kromi nyingi, kaboni inarundikana na kutengeneza utepe mgumu. Laini kando ya ngumu, na juu yao ile kuvutana ya kila siku. Unahitaji nini tena ili kipasuke? Muda tu.

Haya si maneno ya mtaani. Stesheni za umeme za makaa ya mawe Marekani zilijaa viungo kama hivi ndani ya boila, pale mabomba ya mvuke mkali yanapohama kutoka chuma chenye kromi kidogo kwenda stenlesi. Vingi vilivyojazwa kwa stenlesi vilipasuka kwenye mstari huo mapema kuliko ilivyotarajiwa, na taasisi ya utafiti wa umeme huko, EPRI, ilitumia miaka ya 1980 kuvichunguza. Waliokuwa wamejaza kwa aloi ya nikeli walikuta viungo vyao vikidumu zaidi. Leo mwongozo wa sekta ya mafuta, API 582, unasema wazi: kati ya stenlesi na chuma cha kawaida, 309 ni sawa mpaka nyuzi 315. Ukipita hapo, nenda nikeli.

Nyuzi 315. Iandike kwa mkono kama namba ya M-Pesa.

Kwa nini nikeli? Rodi kama ENiCrFe-3, ama waya wa TIG wa ERNiCr-3 ambao wengi wanauita Inconel 82, una nikeli karibu 70 kwa mia na kromi karibu 20. Unarefuka kwa kiwango kilicho katikati, karibu zaidi na chuma cha kawaida kuliko stenlesi, kwa hivyo ugomvi unaondoka kwa ule upande dhaifu. Kaboni haipendi kupita ndani ya nikeli, kwa hivyo kijiji hakihami haraka. Na inaweza kumeza uchafu mwingi wa vyuma vingine bila kugeuka martensaiti. Si ya milele, hata viungo vya nikeli hupasuka miaka ikienda, lakini unanunua muda mrefu.

Na kabla hujakimbia kuwa mhubiri wa nikeli, hiyo pia ina adui. Salfa. Nikeli ya moto ikikutana na salfa inaliwa, na ukichomelea juu ya grisi, oili, ama alama za chokaa ya rangi zisizofaa, salfa inaingia kwa mshono na unapasuka hapo hapo ukiwa moto. Sasa fikiria warsha zetu. Fikiria kile kipande cha chuma kilichokuwa kinalala kwa dimbwi la oili tangu Januari. Ukiwa na rodi ya bei kali na hujasafisha chuma, umechoma doo.

Kuna mwingine atasema, "Lakini kwa kiwanda cha chai huko Kericho walitumia 309 kwa boila na iko sawa." Ndiyo, na inaweza kuwa sawa kabisa! Mvuke wa presha ya bar 10 uko kama nyuzi 184. Hiyo iko chini ya 315, tena mbali. Hapo ukinunua nikeli umepoteza pesa ya mwenye kiwanda. Lakini nenda kwa kiwanda cha sukari kinachochoma makapi ya miwa kutengeneza umeme, pale mvuke unapopashwa tena na tena ili uzungushe mashine, uone kama jibu ni lile lile. Boila mbili, nchi moja, fundi mmoja, majibu mawili. Hiyo ndiyo hoja yangu yote na sijui kwa nini inaleta vita.

Kosa lingine ninalolichukia ni la "weka ile kali zaidi." Unaunganisha bomba la chuma chenye kromi mbili na robo na lile la kromi tisa, lile wanaloliita P91. Akili ya mtaani inasema jaza na rodi ya kromi tisa, si ndiyo yenye nguvu? Lakini kiungo hakiwezi kuwa na nguvu kuliko bomba dhaifu linaloshikwa nacho. Ukiweka kromi nyingi kando ya kromi kidogo umetengeneza ile barabara ya kaboni tena. Ndiyo maana kwa kawaida watu hujaza na rodi inayofanana na upande wenye kromi kidogo, ile inayoitwa E9018-B3, halafu kiungo kizima kinapashwa taratibu baadaye kwa nyuzi za mia saba na kitu ili kitulie. Kupasha baadaye ni nusu ya kazi. Ukiiruka, chagua rodi yoyote unayotaka, umefeli.

Sasa swali la kweli: nani anachagua rodi Kenya?

Kwa kampuni kubwa jibu ni rahisi. Kuna karatasi ya utaratibu wa kuchomelea, mhandisi ameiandika, imejaribiwa, fundi anapewa na anafuata. Wasee wanaotafuta kazi Gulf wanalijua hili, ukifika kwa mtihani unapewa karatasi, na ukichukua rodi isiyoandikwa hapo unapanda ndege ya kurudi. Lakini kwa mtaa, kwa gereji, kwa hoteli inayotengeneza oveni ya mkaa, kwa shule inayorekebisha boila ya jikoni, hakuna karatasi. Anayechagua ni mwenye hardware. Yaani yule kijana wa kaunta, anayeuza misumari na gundi na kamba ya ng'ombe, ndiye mhandisi wetu. Unamwambia "nipe rodi", anakuuliza "ya ngapi?", na kwa "ngapi" anamaanisha unene! Mbili na nusu ama tatu na robo. Hakuna anayeuliza joto. Simlaumu yeye, hakuna aliyemfundisha.

Ninayemlaumu ni mwalimu. Kule nilikosoma tulichomelea chuma cha kawaida kwa chuma cha kawaida miezi na miezi. Kipande kinapindwa, kisipopasuka umepita. Hakuna siku tulipewa vyuma viwili tofauti. Hakuna siku mtu alichora ule mchoro wa Schaeffler ubaoni, na ungechukua somo moja tu. Halafu tunapewa cheti na tunatoka kwenda kuchomelea dunia ambayo imejaa vyuma tofauti. Gari lina chuma cha kutupwa, chuma cha kawaida, stenlesi ya 409 kwa eksozi, 304 kwa vile vitu vya kununua baadaye. Vyote kwa futi mbili! Na sheria ya usalama kazini ya 2007 ina mambo ya boila ndani yake, zikaguliwe, zipimwe, lakini mkaguzi anakuja mara moja kwa mwaka. Rodi iliingia siku moja saa nane mchana na hakuna aliyeona.

Najua kitakachosemwa. "Wewe unaongea nikeli, mteja analipa mia tano." Sawa. Nimefanya hizo kazi, najua mteja anavyonuna. Lakini kwanza, 309 unaweza kununua vipande vichache, si lazima paketi, na kazi ya eksozi haimalizi rodi nyingi. Pili, na hii ndiyo mafundi wazuri wanajua bila kusoma API yoyote, njia rahisi kabisa ya kuchagua rodi ya vyuma tofauti ni kuondoa tofauti. Kwa nini flanji ilichongwa kutoka kwa chuma cha kawaida? Kwa sababu kipande kilikuwa hapo chini. Ukitafuta kipande cha stenlesi, kazi inakuwa 304 kwa 304 na ile 308 ya duka inatosha. Umetoka kwa mjadala wote. Na kama huwezi kuuondoa, uhamishe: weka kiungo cha vyuma tofauti mbali kidogo, mahali penye joto dogo, hata kama ni sentimita thelathini chini ya bomba. Hiyo ni bure. Ni kufikiria tu.

Na tatu, mwambie mteja ukweli. "Nikitumia hii ya mageti itapasuka, utarudi, na utalipa mara mbili." Wengine wataenda kwa jirani. Waende. Ile mara tatu ambayo rafiki yangu alilipa ingenunua rodi sahihi, flanji mpya na chakula cha mchana.

Kwa hivyo nyinyi wa video, sijasema muache. Mkono safi ni kazi, na mimi mwenyewe mshono wangu wa TIG bado unatetemeka kama mzee mwenye kikohozi. Lakini andika pale chini: chuma gani kwa chuma gani, rodi gani, mahali patakuwa nyuzi ngapi. Maneno matatu. Ukishindwa kuyaandika, basi wewe hukuchagua rodi, rodi ilikuchagua.

Heda za rafiki yangu hatimaye zilipata flanji ya stenlesi na zikachomelewa na mzee mmoja asiye na simu ya kupiga picha. Kabla ya kuwasha mashine aliweka sumaku kwa bomba, akaiweka kwa flanji, akaiangalia, akasema "haya." Alisugua oili yote kwa brashi ambayo hajawahi kuitumia kwa chuma cha kawaida. Mshono wenyewe una sura mbaya, umepinda katikati. Tumeenda Nakuru na kurudi mara nne, madirisha yamefungwa. Sijaupost.